Kurudi kwenye vyuma baada ya mapumziko marefu: mambo ya kuzingatia ili usiumie

Kila ifikapo Januari, na tena siku chache baada ya Idi, jimu za mitaani hujaa sura ambazo hazijaonekana kwa muda mrefu. Wapo waliosimama kwa sababu ya kazi, wapo waliovunjika mguu kwenye bodaboda, wapo waliojifungua, wapo waliougua, na wapo waliochoka tu. Wengi wao wanarudi na kumbukumbu moja kichwani, nayo ni uzito waliokuwa wakinyanyua kabla hawajaacha. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Katika kipindi chetu cha afya tumekuwa tukipokea ujumbe mwingi wa wasikilizaji kuhusu jambo hili, na maswali yanafanana. Nianze na kilo ngapi? Maumivu haya ni ya kawaida? Je, nimepoteza kila kitu nilichokijenga? Makala hii inajibu maswali hayo kwa kirefu kuliko muda wa hewani unavyoturuhusu. Imewalenga watu wazima wa kawaida wanaonyanyua vyuma kwa ajili ya afya na nguvu, siyo wanamichezo wa kulipwa wenye walimu na madaktari wao.

Mwili unapoteza nini

Pumzi ndiyo huondoka kwanza. Ndani ya siku chache za kukaa bila mazoezi, kiasi cha maji ndani ya damu huanza kupungua, na baada ya wiki mbili hadi nne moyo unalazimika kupiga kwa kasi zaidi kufanya kazi ileile. Ndiyo maana mtu anayerudi hushangaa kuhema baada ya seti moja tu, wakati mikono bado inasema inaweza.

Nguvu za misuli hazina haraka ya kuondoka. Mtu aliyekuwa akifanya mazoezi kwa utaratibu anaweza kukaa wiki tatu au nne, akirudi akakuta uzito wake uko karibu palepale. Kifua na mikono huonekana kusinyaa mapema, lakini sehemu kubwa ya kusinyaa kwa wiki za mwanzo ni upungufu wa sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli pamoja na maji yanayoambatana nayo. Nyama yenyewe hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Aliyelazwa kitandani au aliyefungwa hogo ni habari nyingine, kwa sababu msuli usiotumika kabisa hupungua kwa haraka sana. Umri nao una mchango wake. Baada ya miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake katika kila miaka 10.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hukisahau, nacho ni kano, yaani zile kamba ngumu zinazouunganisha msuli na mfupa. Damu inayopita kwenye kano ni kidogo ikilinganishwa na ile ya kwenye msuli, na kwa hiyo kano hujijenga taratibu zaidi. Msuli unaweza kupata nguvu katika wiki chache, wakati kano inahitaji miezi. Katika kipindi hicho katikati, mtu anakuwa na injini kubwa juu ya chesisi dhaifu. Maumivu mengi ya kiwiko, bega na chini ya goti tunayosikia kutoka kwa waliorudi hayaji wiki ya kwanza. Huja wiki ya tano au ya nane, wakati mtu anajiona amesharudi kwenye hali yake.

Kwa nini nguvu hurudi haraka

Habari njema ni kwamba kurudi si sawa na kuanza upya. Mwaka 1991 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wanawake waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 20, wakaacha kwa takriban wiki 30, kisha wakarudi kwa wiki 6 tu. Wiki hizo 6 ziliwarudishia sehemu kubwa ya walichokuwa wamekijenga kwa miezi mitano. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Jyväskylä cha Finland kilitoa matokeo yanayoelekea hukohuko. Watu waliofanya wiki 10, wakapumzika wiki 10, kisha wakafanya nyingine 10, walimaliza wakiwa karibu sawa na wenzao waliofanya wiki 20 mfululizo.

Maelezo ya kisayansi bado yanajadiliwa. Seli ya msuli ni tofauti na seli nyingine nyingi kwa kuwa ina viini vingi ndani yake, na mtu anapofanya mazoezi viini huongezeka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway walionyesha kwa panya kwamba msuli unaposinyaa, viini vile vilivyoongezeka hubaki. Ni kama nyumba iliyohamwa lakini msingi na nguzo bado zimesimama. Kwa binadamu ushahidi haujawa wazi kiasi hicho, ila kundi jingine la watafiti nchini Uingereza lilionyesha mwaka 2018 kwamba vinasaba vya msuli wa binadamu navyo hubaki na alama za mazoezi ya zamani.

Kumbukumbu hiyo ya misuli ina upande wake wa hatari. Ubongo nao unakumbuka. Unakumbuka namna ya kushika chuma, namna ya kujipanga kwenye benchi, namna ya kusukuma hadi mwisho. Anayeanza kabisa analindwa na ujinga wake, kwa kuwa mara nyingi hajui kujisukuma hadi mwisho. Mzoefu anayerudi anajua. Anaweza kuulazimisha mwili uliopoa ufanye kazi ya mwili uliokuwa moto mwaka juzi.

Mkojo wa rangi ya chai

Januari 2011, wachezaji 13 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani walilazwa hospitalini kwa wakati mmoja. Walikuwa vijana, wenye afya, wanaofanya mazoezi chini ya walimu waliosomea kazi hiyo. Walikuwa wametoka likizo ya takriban wiki tatu. Siku ya kwanza ya kurudi walipewa zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani mara 100, kwa nusu ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja aliweza kuunyanyua, huku wakihesabiwa muda. Siku zilizofuata miguu ilivimba, ikawa migumu, na mikojo ikabadilika rangi. Wote walipona, lakini uchunguzi uliofanywa na chuo ulielekeza kidole kwenye zoezi lenyewe.

Kilichowapata kinaitwa kitaalamu rabdomayolisisi, yaani kuvunjika kwa seli za misuli kupita kiasi. Seli zinapopasuka, vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni mayoglobini, protini yenye rangi nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Figo hujaribu kuichuja, na ikiwa nyingi huziba na kuharibu mirija ya figo. Kingine ni potasiamu, ambayo ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Madaktari waliuelewa vizuri uhusiano huu wa misuli iliyopondeka na figo kushindwa mwaka 1941, walipowatibu watu waliofukiwa na vifusi wakati London ikipigwa mabomu. Chanzo kilikuwa tofauti, ila kinachotokea ndani ya mwili ni kilekile.

Dalili zake ni hizi. Maumivu makali mno kuliko ulivyozoea, msuli kuvimba na kuwa mgumu, kushindwa kukunjua au kuinua kiungo, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kola. Dalili hizo huja kati ya saa chache na siku tatu baada ya mazoezi. Usisubiri zote zifike. Mkojo mweusi peke yake baada ya mazoezi makali unatosha kukupeleka hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ukiwahi, tiba kubwa ni maji mengi ya dripu na uangalizi wa karibu, na wengi hupona bila tatizo lolote kubaki. Ukichelewa unaweza kuishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na familia iliyowahi kuuguza mgonjwa wa figo inajua gharama yake.

Kwa wasikilizaji wetu wa Kanda ya Ziwa kuna jambo la ziada. Mkojo ukibadilika rangi huku kwetu, mawazo ya kwanza ya mgonjwa, na wakati mwingine ya mhudumu, huenda kwenye kichocho au malaria kali. Ni sahihi kuyafikiria. Lakini mwambie mhudumu waziwazi kwamba jana au juzi ulinyanyua vyuma baada ya kukaa muda mrefu. Kipimo cha kuchovya kijiti kwenye mkojo kinaweza kuonyesha kuna damu, kumbe kwenye darubini chembe nyekundu hazionekani au ni chache mno. Tofauti hiyo ni ishara kwamba kinachosomwa ni mayoglobini. Taarifa yako ndiyo itakayomfanya aitafute.

Nani yuko kwenye hatari zaidi

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wanajeshi weusi wa Marekani karibu 48,000. Waliobeba kinasaba kimoja cha selimundu, yaani watu wasio na ugonjwa wenyewe bali wanaoweza kuurithisha, walikuwa na hatari ya kupata rabdomayolisisi ya mazoezi kwa asilimia 54 zaidi ya wenzao. Hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, na hilo lisisahaulike. Utafiti huohuo ulikuta hatari imeongezeka pia kwa wavutaji wa tumbaku, wenye unene uliokithiri, wanaotumia dawa za kushusha mafuta kwenye damu za kundi la statini, na wanaotumia baadhi ya dawa za magonjwa ya akili.

Tunalitaja hili la selimundu kwa makusudi. Kaskazini-magharibi mwa Tanzania, takriban mtoto mmoja kati ya watano amezaliwa na kinasaba hicho kimoja. Wengi hawajui kwa sababu hakiwasumbui katika maisha ya kila siku. Kubeba kinasaba hicho hakumzuii mtu kunyanyua vyuma. Kunamtaka apande ngazi kwa taratibu zaidi, apumzike kwa muda mrefu kati ya seti, anywe maji, na asifanye mazoezi makali kwenye jua la saa nane mchana au akiwa na homa. Kama kwenye ukoo wenu kuna mgonjwa wa selimundu, kipimo ni cha damu tu, nenda kapime.

Wengine wanaopaswa kumwona mhudumu wa afya kabla ya kurudi ni wenye ugonjwa wa moyo, wenye kisukari, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye ngiri, na wenye presha. Kuhusu presha tutaeleza zaidi hapo chini.

Nianze na kilo ngapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Mwaka 2019 vyama viwili vya walimu wa mazoezi ya nguvu nchini Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja wa kurudi baada ya mapumziko, ambao kwa sehemu ulichochewa na matukio kama lile la Iowa. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka. Wiki ya kwanza punguza asilimia 50 ya kazi uliyokuwa ukifanya, wiki ya pili punguza 30, ya tatu 20, ya nne 10. Wiki ya kwanza zisizidi siku tatu za mazoezi, na ya pili zisizidi nne.

Kazi hapa haimaanishi kilo peke yake. Ni kilo mara marudio mara seti. Tuchukue mtu aliyekuwa akisukuma kilo 80 kwenye benchi, marudio 8, seti 4. Jumla ni kilo 2,560. Nusu yake ni 1,280. Anaweza kuifikia kwa kufanya seti 2 za kilo zilezile 80, na kwa hesabu atakuwa sahihi, lakini kano zake hazijui hesabu. Ni afadhali mara nyingi ashushe kilo, kwa mfano kilo 40, marudio 10, seti 3, ambayo ni 1,200. Wiki ya pili apande kwenye kilo 55, ya tatu kilo 65, kwa marudio na seti zilezile. Wiki ya nne afanye kilo 70, marudio 8, seti 4, ambayo ni 2,240.

Mwongozo huo uliandikwa kwa vijana wa vyuoni waliokaa wiki kadhaa. Wewe uliyekaa miaka miwili, mwenye miaka 38, unayelala saa tano kwa sababu ya kazi za zamu, usiufuate kwa kasi hiyo. Sisi tungeshauri ukae wiki mbili au tatu katika kila ngazi, yaani wiki nne ziwe miezi miwili au zaidi, na ngazi ya kwanza iwe theluthi ya uzito wako wa zamani badala ya nusu. Utaona aibu kidogo mbele ya vijana. Aibu hiyo haina gharama.

Kipimo kingine, ambacho kwa maoni yetu ni bora kuliko hesabu yoyote, ni akiba. Kila seti iishe wakati bado unajua ungeweza kufanya marudio mengine matatu au manne bila kuharibu umbo la zoezi. Baki hivyo kwa mwezi mzima wa kwanza. Usijipime uzito wa juu kabisa, usishindane, na achana na mazoezi ya kuhesabiwa muda. Kama kuna kundi la jimu linalowakaribisha wanaorudi kwa kuwakomoa siku ya kwanza, eti ili waone walichokikosa, lisubiri liendelee na mambo yake.

Pumzika kati ya seti kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Mwongozo tulioutaja unapendekeza kwamba wiki ya kwanza mapumziko yawe angalau mara nne ya muda wa kazi. Seti ya sekunde 40 inataka karibu dakika tatu za kukaa chini.

Vyuma vya zege

Ushauri wa kilo una kasoro moja kubwa katika mazingira yetu. Jimu nyingi za mitaani zina vyuma vya kutengeneza, ndoo na makopo ya rangi yaliyojazwa zege kwenye ncha za bomba au nondo, na hakuna anayejua uzito wake. Zege lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa lita moja. Kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijazwa lina karibu kilo 9 na nusu, na ndoo ya lita 10 ina karibu kilo 24. Chuma chenye ndoo mbili za lita 10, ukiongeza bomba lenyewe, kinapita kilo 50. Watu wengi wanaorudi huchukua hicho kwa kupasha moto misuli.

Njia ya uhakika ni kupima. Mzani wa kupimia magunia ya mahindi au mpunga unafaa kabisa. Pimeni kila ncha peke yake, kisha andikeni kwa rangi. Makopo mawili ya aina moja yanaweza kupishana kwa kilo moja au mbili kutegemea kokoto zilivyoingia, na chuma kinachoelemea upande mmoja kinamtesa zaidi mtu mwenye mabega yaliyopoa. Angalieni pia nyufa kwenye zege na kutu pale bomba linapoingia kwenye kopo. Kusukuma chuma cha aina hiyo ukiwa umelala kwenye benchi bila mtu wa kukaa kichwani pako ni jambo tusilolishauri kwa yeyote, aliyerudi au asiyerudi.

Usizuie pumzi

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada waliweka kifaa cha kupima presha ndani ya mshipa wa damu wa wanyanyua vyuma watano wakiwa kazini. Walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, wastani wa presha ulifika 320 kwa 250. Mmoja wao alipita 480 kwa 350. Kumbuka kwamba presha ya kawaida mtu akiwa ametulia iko karibu na 120 kwa 80. Hao walikuwa wazoefu wenye afya, na presha ilishuka mara moja seti ilipokwisha.

Sehemu ya ongezeko hilo hutokana na kuzuia pumzi na kujikamua. Kwa hiyo anayerudi atoe pumzi anaposukuma au kuinua, avute anaposhusha. Uzito ukiwa mdogo, hilo linawezekana bila shida, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza chini. Kabla ya wiki ya kwanza pima presha, kwa kuwa watu wengi wanayo bila kujua na huduma hiyo inapatikana kwenye zahanati na maduka mengi ya dawa. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umetulia, usiguse chuma, nenda hospitali kwanza. Ikiwa iko juu lakini chini ya hapo, au unatumia dawa, pata ushauri, kisha chagua uzito mwepesi na marudio mengi. Mazoezi ya uzito yanayofanywa vizuri husaidia kushusha presha ya kawaida baada ya muda.

Maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida

Utaumwa. Maumivu ya kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya mazoezi, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na huisha ndani ya wiki. Yanakuwa pande zote mbili za mwili, yamesambaa kwenye msuli, na hupungua ukitembeatembea. Chanzo chake kikubwa ni sehemu ya kushusha uzito, pale msuli unapokaza huku ukirefuka. Kwa hiyo wiki za mwanzo usishushe kwa kujivuta sana, na usiruke mazoezi mepesi kwa kuogopa kuwa hayana maana. Seti chache nyepesi leo huukinga msuli dhidi ya maumivu makali ya zoezi hilohilo kwa wiki kadhaa zinazofuata.

Maumivu ya kukushtua ni yale ya ghafla wakati wa zoezi, yenye mlio, yaliyoko sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yaliyoko ndani ya kiungo, au yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi. Hapo simama. Ukisikia kifua kimebana, kizunguzungu au mapigo ya moyo kwenda ovyo, simama na utafute msaada.

Tumegundua kwenye ujumbe wa wasikilizaji kwamba wengi hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa, wengine huzimeza hata kabla ya mazoezi. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukichanganya na jasho jingi, maji machache na misuli iliyovunjika, unazipa figo mzigo wa pande tatu. Kwa maumivu ya kawaida, kutembea, maji ya uvuguvugu na usingizi vinatosha. Kuchua kwa nguvu msuli uliovimba na kuwa mgumu, kama wafanyavyo baadhi ya wachuaji wa mitaani, usikubali.

Chakula hakihitaji kopo la unga wa bei mbaya. Anayejenga misuli anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kupita hapo faida ni ndogo. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 110. Yai moja lina gramu 6. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 20 kwa kila gramu 100, na dagaa wakavu wanapita nusu ya uzito wao. Aliyeko Mwanza au Musoma ana protini mlangoni. Sindano na vidonge vya homoni vinavyouzwa kwa siri ndani ya jimu ni suala tulilolitolea makala yake, hapa tuseme tu kwamba misuli iliyochochewa hivyo hukua haraka kuliko kano, na tumeshaeleza hilo lina maana gani.

Akina mama waliojifungua

Mama aliyejifungua aanze na kutembea na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na vyuma vije baada ya kuonwa kliniki ya wiki ya sita. Aliyejifungua kwa upasuaji huchelewa zaidi, kwa kuwa ngozi hufunga kabla tabaka za ndani hazijapata nguvu. Ukiona mkojo unatoka unapoinua, tumbo linachomoza katikati kama tuta, au unasikia uzito ukeni, uzito huo ni mkubwa kwa sasa. Hali hizo zina mazoezi yake na zinatibika, ingawa wengi huambiwa ni kawaida ya uzazi na hukaa nazo miaka. Kunyonyesha hakuzuii mazoezi.

Ukijua utasimama tena

Msimu wa kilimo utarudi, safari za kazi zitarudi, mfungo utarudi. Hapa kuna matokeo ambayo yangefaa kujulikana zaidi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, Marekani, kilichapisha utafiti wa watu waliofanya mazoezi ya uzito siku tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha wakapunguziwa kwa wiki 32. Vijana wa miaka 20 hadi 35 waliobaki na siku moja tu kwa wiki, seti moja tu kwa kila zoezi, yaani moja ya tisa ya kazi yao ya awali, hawakupoteza misuli yao. Wazee wa miaka 60 hadi 75 walihifadhi nguvu zao kwa sehemu kubwa, lakini unene wa misuli ulipungua, kwa hiyo wao wanahitaji zaidi ya hapo. Masharti ni kwamba uzito wa chuma usishushwe, kinachopungua ni idadi ya seti na siku. Kwa mtu aliyekwisha kurudi kwenye hali yake, hiyo ni nusu saa ya Jumapili jioni.